Mashairi ya Mtu Asiye na Uso

Kijitabu kile nilikinunua kwa hasira. Nilikuwa nimekwenda kutoa nakala za vyeti kwenye duka la vifaa vya ofisi pale Kyela mjini, karibu na stendi, mvua ikaanza na umeme ukakatika kwa wakati mmoja, kana kwamba walikuwa wamepatana. Mwenye duka akaniambia nisubiri, umeme utarudi sasa hivi. Hiyo sasa hivi ya umeme mimi naijua. Nje maji yalikuwa yamefika kwenye ngazi, bajaji zinapita zikiwarushia watu tope, kurudi nyumbani hakuwezekani. Na mimi nikikaa bila kazi huwa mtu mbaya. Nikaanza kupekua rafu zake: mitihani ya zamani ya darasa la saba, kalenda za mwaka uliopita, kadi za harusi, mpaka nikakutana na kijitabu chembamba chenye jalada la kijani, kurasa zake zimebanwa kwa pini za stepla.

Juu kulikuwa na jina la mwanamke, chini yake jina la kijiji, Talatala. Ndani, mashairi. Nikamwambia mwenye duka kwamba kwa vile amenifungia humu, basi aniuzie cha kusoma. Akacheka. Alisema ni yeye aliyeyachapa, na kwamba mwandishi ni mama mkulima, huja mjini siku za kuuza kakao. Hakuongeza neno, nami sikuuliza zaidi, maana nilikuwa sijaanza kusoma.

Mimi na ushairi hatukuwa marafiki. Shuleni kwetu Kondoa tulifundishwa kuhesabu mizani kwa vidole, tukahesabu mpaka vidole vikachoka, na siku nilipomaliza mtihani nilijiahidi kwamba sitasoma shairi tena mpaka naingia kaburini. Nikasomea mifugo. Serikali ikanipangia Kyela, wilaya ya mpunga, kakao, migomba na matope, yenye ng'ombe wachache wanaopendwa kupita kiasi. Mimi ni afisa mifugo. Wanakijiji huniita daktari, nami nimeacha kuwasahihisha.

Shairi la kwanza nililisoma nimesimama, nimeegemea mashine ya fotokopi iliyokufa:

Nikisikia kikohozi chako migombani
nashuka mferejini na ndoo yangu kichwani.
Maji yananifika magotini.
Pita taratibu, njia ni yako.
Ndoo haijamwaga hata tone.

Nikageuza ukurasa nione mwendelezo. Hakuna. Limekwisha. Nikarudi juu nikasoma tena, safari hii nimekaa. Hapakuwa na kusifia wala kulalamika, hakuna moyo uliochomwa wala machozi ya damu. Kulikuwa na mtu ndani ya mfereji, na mwingine anapita, basi. Lakini yule mtu mferejini nilimwona waziwazi kuliko nilivyomwona mwenye duka aliyekuwa mbele yangu. Na nilitaka kujua kitu kimoja tu: kwa nini ashuke? Njia ya mashambani, hata iwe nyembamba vipi, watu wawili hupishana.

Umeme uliporudi, niliambiwa vyeti viko tayari, nikasema subiri namalizia.

Nilisoma kijitabu kile usiku huo na siku zilizofuata, wakati wa chai ofisini na wakati wa kusubiri wali uive. Mashairi yote yalikuwa yanazungumza na mtu mmoja, "wewe." Jina lake halikutajwa. Mwandishi alimjua kwa namna isiyo ya kawaida. Alijua anavyofunga lango la zizi, akivuta mara moja na kuachia. Alijua harufu ya tumbaku yake inavyobaki kwenye majani ya migomba baada ya yeye kupita. Kulikuwa na hili, ambalo nililipenda mpaka nikalikariri bila kukusudia:

Mvua imeacha, umepita.
Mguu wa kulia unakwenda mbele,
wa kushoto unachungulia shamba la jirani.
Nimeuruka unyayo wako, sikuukanyaga.

Mtu wa kazi yangu hutazama miguu. Ng'ombe mgonjwa hujulikana kwa mwendo kabla ya kushikwa pua. Nilijua kwamba mama huyu alikuwa ameutazama unyayo ule kweli, hakuutunga akiwa amekaa kitini. Ndipo nikaanza kumheshimu. Nilikuwa nimezoea kufikiri washairi ni watu wanaopamba maneno. Huyu alikuwa kama mtu anayetoa taarifa, na bado nilikuwa narudia kila ukurasa.

Jirani yangu wa nyumba ya kupanga ni nesi, mtu wa Pwani, na katika mambo ya mapenzi anajihesabu kuwa bingwa wa taifa. Jumapili moja tulishuka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kula samaki aina ya mbasa wa kuchoma, nikachukua kijitabu. Tulikaa mchangani, milima ya Livingstone ikiwa imejaa mawingu mpaka kiunoni, nikamsomea. Nilidhani ataniambia nimeharibikiwa. Akachambua samaki wake, akasema nimsomee lile la mferejini mara nyingine.

Kisha akatoa hukumu. Huyo ni mume wa mtu, alisema. Ndiyo maana mama anajificha, ndiyo maana jina halitajwi, na ndiyo maana hathubutu hata kukanyaga unyayo. Nikamuuliza mbona hakuna sehemu wanakutana. Akasema wanakutana, ila hayo hawezi kuyachapa, mume wake naye anajua kusoma. Tulibishana mpaka samaki akapoa. Mimi nilikuwa na swali jingine lililonikera zaidi, nikamwonyesha: katika kijitabu kizima hakuna uso. Kuna mguu, kikohozi, mgongo, fimbo, mkono unaoning'iniza kitu kwenye mti. Hakuna jicho, hakuna mdomo, wala tabasamu. Wewe ukimpenda mtu utaanza kumwandika wapi?

Nesi akafikiri. Alikiri kwamba yeye angeanza na meno.

Nilirudi kwa mwenye duka nikijifanya nataka kalamu. Nikamuuliza kwa kuzunguka, kisha nikachoka kuzunguka, nikamuuliza wazi kama anajua yule mama anampenda nani. Mwenye duka ni mwenyeji, Mnyakyusa wa hapohapo. Alinitazama kwa muda, halafu akainama nyuma ya kaunta, mabega yakitikisika kwa kicheko. Alipoinuka alisema tu nikamuulize mwenyewe. Niliondoka nimenuna. Kama ningeuliza vizuri ningeokoa wiki kadhaa za kubuni, lakini nadhani nisingeyasoma mashairi yale kwa makini kiasi kile. Niliyasoma kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya nyumba, akiinua kila kitu.

Msimu ule kulikuwa na chanjo ya mapele ngozi, na zamu ya Talatala ilipofika nilikwenda na pikipiki ya ofisi, sanduku la barafu nyuma, kijitabu ndani ya mfuko wa koti. Sikuwa na mpango wowote. Nilijiambia nikimwona nitamsalimia tu. Tulipanga ng'ombe kwenye kichochoro cha mbao tunachowapitishia mmojammoja, nikaanza kudunga. Wanyakyusa huleta ng'ombe wao kama watu wanaopeleka watoto kliniki, kila mmoja ana maelezo. Nilikuwa nadunga na kuitikia.

Akaingia ng'ombe jike mweusi, sikio la kushoto limechanika mpaka shina, jeraha la zamani lililopona vibaya. Sindano ikanigandia mkononi, kwa sababu ng'ombe huyo nilikuwa namfahamu. Alikuwa ukurasa wa katikati:

Mwenye sikio lililochanika anatangulia,
wewe nyuma yake.
Nikimwona yeye najua nigeuke.
Ng'ombe wako ananitazama kwa niaba yako.

Nikainua macho. Nyuma ya ng'ombe alikuwa amesimama mzee sana, mrefu, koti la suti limechakaa mabegani, fimbo mkononi. Nikatazama miguu. Wa kulia umeelekea mbele. Wa kushoto umepinda kwenda nje, unachungulia.

Nilimdunga ng'ombe, nadhani mahali panapostahili. Kichwani nilikuwa nagombana na nesi. Mume wa mtu gani huyu? Huyu ni babu wa mtu. Sikuweza kuliacha jambo lile, na mimi kuacha jambo si tabia yangu. Nikamwamkia mzee, nikamwambia lile sikio nalitilia shaka, nikimaliza kazi ningependa kupita kwake kuliangalia zaidi. Sikio lilikuwa limepona kabla sijaajiriwa. Mzee akafurahi kwamba daktari anamjali ng'ombe wake, akasema "ndaga," yaani asante, akakaa pembeni kunisubiri mpaka mwisho.

Alasiri tukaongozana. Ng'ombe mbele, mzee nyuma yake, mimi nyuma ya mzee nikisukuma pikipiki, maana njia ilikuwa tuta jembamba kati ya majaruba ya mpunga upande mmoja na migomba upande wa pili. Hatukuwa tumeenda mbali mzee akakohoa. Kikohozi kikavu, kikubwa, kilichopigwa kama mtu anayegonga mlango. Mbele yetu, pale njia inapokata kona, mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani akashuka mferejini. Hakukimbia. Alishuka kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake, akatugeuzia mgongo, akavuta khanga ikamfunika kichwa na mzigo wenyewe. Mzee akapita. Hakugeuza shingo wala hakupunguza mwendo.

Mimi nilisimama pale na pikipiki yangu. Nilikuwa nimesimama ndani ya shairi. Sijui kama nitaweza kumweleza mtu hisia ile. Maji yalikuwa yamemfika magotini, kama alivyoandika.

Mzee alipotokomea, nikampa mwanamke mkono, akapanda njiani. Mwanamke wa makamo, uso wa upole, macho yenye utundu. Nikatoa kijitabu mfukoni nikamwonyesha. Akakitazama, akanitazama, akaniambia karibu. Nami badala ya kusalimia kama mtu aliyelelewa, nikauliza: "Mama, ndiye huyu mzee unayempenda?"

Alicheka mpaka kuni zikamwanguka. Zikaelea mferejini, tukaanza kuziokota pamoja, anacheka, anajaribu kunijibu, anashindwa, anacheka tena. Mwishowe akajifuta macho na kuniambia kwamba yule ni baba mkwe wake. Ni baba wa mume wake, ndiye aliyepeleka ng'ombe wa mahari kwao akaolewa, na kwa mila yao mke wa mwana hamwoni baba mkwe. Hamtazami, hazungumzi naye, hatamki jina lake. Wakikutana njiani, mwanamke anajiondoa. Tangu aletwe kwenye boma lile akiwa msichana mpaka sasa ana wajukuu, wameishi uwanja mmoja na hajapata kumwona uso.

Nilikasirika. Nitasema ukweli, damu ilinipanda. Nikamwambia hiyo si haki, mtu mzima na mzigo wake kushuka mferejini kama chura, mbona mwanaume asishuke yeye. Nilisema mengi, mengine ya semina. Alinisikiliza huku anafunga kuni zake upya. Akasema siku hizi wengi wameacha, wasomi wa mjini wanawaamkia wakwe zao na kula nao meza moja, na hakuna anayewapiga. Yeye angeweza kuacha. Hakutaka.

"Usinionee huruma, dada," aliniambia. "Ningekuwa namwamkia kila siku, nisingemsikiliza."

Nikawafikiria watu ninaowaamkia kila siku.

Kisha nikamwambia, kama mtaalamu, kwamba kikohozi kile cha mzee si kizuri, apelekwe hospitali akapimwe kifua. Akatabasamu. Mzee hana kifua, alisema. Alianza kukohoa mwaka ule yeye alipokuwa na mimba ya kwanza, siku yeye alipomsikia mzee akiwa ameshamkaribia, akakurupuka kutoka njiani, akateleza na ndoo. Tangu hapo, kila kona, kila mwanya wa migomba, mzee anakohoa mapema ili yeye ashuke polepole. Wenzake wakimuuliza husema ni vumbi. Kyela, vumbi! Hata masika anakohoa.

Siku ile, nilipokwisha kuliangalia lile sikio kwa mzee, nilisoma kijitabu tena nikiwa nimekaa juu ya pikipiki, kabla ya kuwasha. Mashairi yaleyale, maneno yaleyale, na kila moja lilikuwa limegeuka. Nilikuwa nimetafuta hawara, kumbe lilikuwa jambo lisilo na jina katika lugha yangu. Nesi nilipomsimulia hakukubali kushindwa. Alisema bado ni mapenzi, yeye hakukosea, amekosea mtu tu.

Nikawa napita Talatala kila kazi iliponielekeza huko, na mara nyingine kazi ilipokuwa Busale nikazunguka makusudi. Tulikuwa tunakaa jikoni kwake, jengo la pekee nyuma ya nyumba, tukipasua kakao na kuzungumza. Nilimuuliza kila kitu. Kwa nini anaandika kwa Kiswahili? Alisema kwa Kinyakyusa asingethubutu, maneno ya nyumbani yangemkemea. Kiswahili ni kama ugenini, unakaa kiti chochote, hujui kipi ni cha baba. Kwa nini mashairi ni mafupi? Kwa sababu anayatunga mferejini, na mzee hachukui muda kupita.

Aliniambia pia kwamba mume wake anajivunia kijitabu kile na huwaonyesha watu mnadani, ila mwenyewe hajawahi kumsomea baba yake hata mstari. Sikuona uzito wa neno hilo mpaka mzee alipougua.

Miguu ilimvimba, akapelekwa Mbeya, akakaa wodini, akarudishwa na maelekezo ya kupumzika nyumbani. Watu wazima tunajua maana ya maelekezo hayo. Nilipofika nilimkuta mshairi jikoni, hajagusa kazi. Alizungumza akitazama moto. Alisema siku mzee atakapokufa ndipo atakapoingia kumwona, amelala, ukumbi umejaa watu wanaoimba, na yeye atapita mara moja na kutoka. Hicho hakikumwogopesha. Kilichomwogopesha ni kwamba atakuwa hajamwambia kitu. Alikuwa amemwandikia kitabu kizima, watu wa Kyela mjini wamekisoma, mgeni wa Kondoa amekikariri, na mwenyewe hajui. Na mzee alikuwa hasomi tena, macho yameingia ukungu.

Nikauliza mume wake je. Hawezi, alisema, mwana kumsomea baba yake maneno ya mke wake, ulimi utamkauka. Wajukuu je? Mjukuu na babu ni watani, wataanza vizuri na kuishia kumvuta ndevu, lisisikike neno. Mchungaji atayageuza mahubiri. Alitaja watu mmoja baada ya mwingine na kila mmoja alikuwa na mahali pake ukoo ulipompanga, na hapakuwa na aliyepangwa mahali pa kuyasema yale.

"Wewe huna mahali," akaniambia. "Ukikosea watasema hajui, mgeni."

Sijapata kupewa heshima ya namna ile. Nilimwambia mimi sijui kusoma mashairi, nitaharibu. Akasema nisome kama ninavyosoma maelekezo ya dawa.

Siku ya kusoma, mume wake alijua na akaona ana safari ya lazima mjini. Mzee alikuwa amekalishwa barazani, miguu imewekwa juu ya stuli, blanketi mapajani. Jikoni ni hatua chache nyuma ya ukuta wa baraza, mlango wake umeelekea upande mwingine. Nilimwona mshairi akiingia na bakuli la mchele, akakaa kwenye kigoda nyuma ya ukuta, akaanza kuchambua. Nikamwamkia mzee, tukazungumza habari za ng'ombe. Kisha nikasema nimeleta kitabu, nina hamu ya kumsomea kidogo, kama hatachoka. Hakuuliza ni kitabu gani. Alisema nisome.

Nilianza na la mferejini. Nilipitisha mistari mbiombio kama mwanafunzi. Mzee akainua mkono, akaniomba nirudie bila haraka. Nikarudia. Nikasoma la unyayo, akautazama mguu wake wa kushoto kwa macho yale yasiyoona vizuri. Nikasoma la sikio la ng'ombe. Nyuma ya ukuta mchele ulikuwa umeacha kulia kwenye bakuli. Nikafika lile la mafuriko, ambalo nilikuwa nimelisoma mara nyingi na kulipita kwa sababu nilidhani ni la ndizi tu:

Maji yalipoingia ndani mpaka kitandani
mtu aliacha mkungu juu ya paa la jikoni langu.
Sikumwona.
Nilimjua kwa mkato: panga moja, bila kurudia.
Watoto walikula siku ile.

Mzee aliweka mkono mdomoni. Niliacha kusoma, nikidhani anaumwa. Akatikisa kichwa niendelee, nikaendelea mpaka mwisho wa kitabu, na sikuikimbiza mistari tena, kwa sababu nilikuwa nimejisahau.

Nilipofunga kitabu, alivuta blanketi mapajani. Kuku walipita, wakarudi. Nilianza kuogopa kwamba nimevunja kitu ambacho siwezi kukiunga, na kwamba mshairi kule nyuma anafikiri hivyohivyo. Kisha mzee akageuza kiti chake kidogo, akaupa ukuta mgongo zaidi ya mwanzo, akapaza sauti. Alikuwa anasema na mimi. Hakuna mtu kwenye uwanja ule ambaye asingemsikia.

Alisema mwenye maneno yale ameandika vizuri, ameona kila kitu, ila kuna mahali ameacha wazi, na yeye hataki aje apajaze siku ya msiba, siku hiyo mtu hafanani na mwenyewe. Kwa hiyo nimwambie uso wake yeye mzee ulivyo. Paji la uso ni pana, lina mikunjo mitatu, wa katikati umekatika. Chini ya jicho la kulia pana kovu la pembe, lilimpata akiwa kijana. Pua ni ya mama yake. Meno ya mbele yamebaki mawili, hayapendani, kila moja limeangalia kwake. Masikio akitaka kuyaona amtazame mtoto wake wa mwisho, ni yaleyale. Alikuwa anajipapasa huku anasema, kidole kikienda kwenye paji la uso, kwenye kovu, kwenye pua, kama kipofu anayejifunza mtu mpya.

"Amesikia?" akaniuliza.

Nikaenda mpaka kwenye kona ya ukuta. Alikuwa amekaa palepale, khanga imemfunika kichwa, mchele umemwagika mapajani, na analia bila kujizuia. Nikamuuliza kama amesikia. Akaitika. Akafuta uso kwa pindo la khanga, akanivuta mkono, akaninong'oneza swali la kumpelekea.

Nikarudi barazani. "Anauliza," nikamwambia mzee, "ukicheka unakuwaje?"

Mzee alifungua mdomo kujibu, badala yake akacheka. Alicheka kwa mabega, kwa tumbo, mpaka blanketi likamteleza magotini. Kutoka nyuma ya ukuta nikasikia sauti ya mshairi ikiniita, daktari, daktari, niambie sasa, yukoje. Nikafungua kinywa. Nilikuwa na kitabu chake kizima kichwani na sikuwa na hata neno moja langu.

"Ngoja," nikamwambia, nikapiga magoti mbele ya mzee, "ngoja kwanza nimtazame."